Priamplifaya ya santuri: kufukuza mvumo

Valvu (taa za kioo za kukuza sauti) zote mbili za ECC83 za priamplifaya hii, kikuza sauti cha awali, zinawaka na sauti inatoka pande zote mbili. Kazi iliyobaki ni mvumo, na kwa santuri hilo si jambo dogo: marekebisho ya RIAA, yaani kurudisha besi iliyopunguzwa wakati wa kukata santuri, hupandisha hetsi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) kwa desibeli 17 hivi kuliko hetsi 1,000, na hetsi 50 ndiyo ya umeme wetu wa ukutani.

Nimeanza na vifuniko vya bati vya valvu. Kifuniko kisichoshikana na chasisi hakikingi kitu. Nilipopima, mita haikuonyesha mguso wowote, kwa sababu soketi zimekaa juu ya rangi. Nikafungua skrubu, nikapiga msasa chini ya kila soketi mpaka alumini ikang'aa, nikaweka washa zenye meno, nikakaza. Sasa mita inasoma karibu sifuri. Awali ukisogeza kiganja karibu na valvu ya kwanza mvumo ulipanda. Sasa spika hazishtuki.

Mvumo uliobaki ulikuwa mzito, wa hetsi 50, si ule wa hetsi 100 wa rektifaya (inayogeuza AC kuwa DC). Basi nikaenda kwenye hita, zinazopasha valvu joto. Nyaya zake nimezisokota vizuri na kuzilaza kwenye kona ya chasisi, mbali na pini 2 na 7 ambazo ni gridi, yaani mlango wa sauti kuingia kwenye valvu. Transfoma yangu haina waya wa kati upande wa hita, kwa hiyo nimefunga rezista mbili za omu 100, moja kila upande, zikutane kwenye athi (ardhi ya umeme). Hapo mvumo umeshuka sana, nimefurahi mno. (Anayetaka kuchomeka valvu nyingine, ECC88, aangalie: pini 9 kwa ECC83 ni katikati ya hita, kwa ECC88 ni ngao ya ndani.)

Waya wa ngao kutoka jeki hadi gridi nimeufunga athi upande mmoja tu. Athi ya usalama ina bolti yake pale umeme unapoingia, na haiguswi. Wapo wanaoikata ili kuua mvumo. Msifanye hivyo jamani! Transfoma ikivuja, chasisi nzima inakuwa na umeme.

Mvumo kidogo ungalipo, na hubadilika nikiigeuza transfoma. Huo ni usumaku, na alumini haiuzuii kwa hetsi 50. Kinachofuata ni kuihamishia transfoma kwenye sanduku lake la chuma, mbali na valvu.