Jinsi nilivyoacha kuchanganya alkoli, etha na asidi kabla ya Eksetati

Hapa Bukavu, wengi tunaojiandaa na Eksetati, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo, tunakwama kwenye fomula kama C₂H₆O. Ni etanoli, yaani alkoli, au ni etha? Fomula hiyo peke yake haisemi.

Kilichonisaidia ni kuiandika kwa kirefu, halafu kutazama majirani wa oksijeni. Ikishika kaboni huku na hidrojeni kule, CH₃–CH₂–OH, ni alkoli. Ikikaa kati ya kaboni mbili, CH₃–O–CH₃, ni etha. Kaboni yenye =O (oksijeni iliyoshikwa kwa kifungo maradufu) na OH pamoja ni asidi: CH₃COOH, ile ile inayochachua kasiksi, pombe ya ndizi, iliyokaa sana. H ya OH hiyo ikitoka, kaboni ikachukua nafasi yake, ni esta.

Aldehidi na ketoni bado natazama mara mbili: =O mwishoni mwa mnyororo ni aldehidi, katikati ni ketoni.