Hesabu za tepe za kijani

Kwenye klabu yetu ya ajiliti, mchezo wa mbwa, mimi ndiye wa tepe za zawadi. Kuna wa vifaa, anayejua mifuko ya mchanga ya kushikilia mahandaki imewekwa wapi. Kuna katibu wa mashindano, ambaye akiugua siku mbili tumekwisha. Kuna wa kuwalisha waamuzi. Mimi nina masanduku ya plastiki yaliyojaa satini ya rangi tano, chini ya ngazi za nyumba yangu hapa Ohio, na kila mwaka baridi ikianza kubisha nakaa nayo sakafuni nikihesabu kilichobaki ili nijue cha kuagiza. Leo nimemaliza. Kabla sijaipeleka orodha kwenye kamati nataka kuandika kidogo, maana kazi hii inanichukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, na kuhesabu si sehemu ngumu.

Kwa msioujua mchezo wenyewe: ajiliti ni mbwa kushindana na saa kwenye uwanja wa vikwazo. Mwamuzi anapanga njia, waongozaji wanaitembea kwanza bila mbwa, wakipunga mikono hewani na kuongea peke yao (ukiwakuta bila kuambiwa utaogopa), kisha kila mbwa anaingia kwa zamu yake. Anaruka fito, anapenya handaki, anapita juu ya daraja lenye upana wa futi moja, anashuka ubao wa bembea, anapinda kushoto na kulia katikati ya fito 12 zilizosimikwa mstari mmoja. Ulianzia Uingereza mwaka 1978, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, kama burudani ya kujaza muda kati ya shughuli nyingine, na waliouanzisha waliiga farasi wanaoruka viunzi. Huku Marekani chama kikubwa cha mbwa, American Kennel Club, ambacho sote tunakiita AKC, kiliuingiza kwenye mashindano yake mwaka 1994. Tangu 2010 chotara nao wanaruhusiwa, ndiyo maana Karanga wangu, ambaye baba hajulikani na mama ni wa kukisia, ana namba ya usajili kama mtoto wa watu.

Rangi zenyewe ni hizi. Bluu wa kwanza, nyekundu wa pili, njano wa tatu, nyeupe wa nne. Waingereza wao wa kwanza wanampa nyekundu na wa pili bluu, kwa hiyo mgeni kutoka kwao akishika utepe wetu wa bluu utamwona anatabasamu kwa adabu tu mpaka aelezwe. Rangi ya tano ni kijani, na hiyo haijali umeshika nafasi ya ngapi. Kijani ni ya kufuzu. Mbwa anaanza na alama 100, makosa yanakatwa, na kwenye madaraja ya chini akibaki na 85 ndani ya muda uliowekwa, amefuzu. Kwenye daraja la juu kabisa, Master, ni 100 au hakuna. Ufito mmoja ukidondoka, mbio zenu zimeishia hapo hata kama mmekimbia kama umeme.

Sasa niagize kijani ngapi? Kanuni inasema mwamuzi mmoja asizidi mbio 330 kwa siku. Tukijaza siku, nikaagiza kijani 330, maana yake nimetabiri kwamba hakuna mbwa hata mmoja atakayekosea, na mtu yeyote aliyewahi kumwona mbwa kwenye nyasi bandia zenye harufu ya mbwa waliopita kabla yake atanicheka. Kwa hiyo natoa matokeo ya nyuma, naangalia daraja kwa daraja, naandika namba iliyo ndogo. Na hapo ndipo kazi inaponishika. Kila nikiandika idadi ya watakaofuzu, nimeandika pia idadi ya watakaorudi kwenye gari wamenuna. Tena ninawajua. Kuna mbwa mmoja wa masikio marefu ambaye hupita vizuri fito kumi za kupinda, halafu kwenye ya kumi na moja anachomoka kwenda kumsalimia mwamuzi. Nilishamtoa kwenye hesabu zangu kitambo. Mwenyewe mwenye mbwa akinisimulia jinsi mazoezi ya wiki hii yalivyokwenda, ninaitikia kwa kichwa huku nikijua kuwa kwenye orodha yangu hana utepe.

Bluu nazo zina visa vyake. Kila daraja linagawanywa kwa urefu wa kuruka, inchi 8, 12, 16, 20 na 24, na wa kwanza anapatikana katika kila urefu peke yake. Kuna mbio za aina ya Standard (vikwazo vyote) na za Jumpers (kuruka, mahandaki na kupinda tu), kuna madaraja ya Novice, Open, Excellent na Master, kuanzia chini, halafu kuna kundi la Preferred ambalo fito zao zinashushwa inchi nne. Ukizidisha vyote hivyo kwenye karatasi, bluu zinazoweza kudaiwa siku moja zinafika 80. Lakini haziji zote, kwa sababu mbwa wenyewe hawajagawanyika sawasawa. Kwenye inchi 16 na 20 ndiko wamejaa akina Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo wenye mbio, na huko mbwa anaweza kukimbia bila kosa lolote akaondoka bila nafasi. Kwenye inchi 24, kwetu, wakati mwingine anaingia mbwa mmoja tu, jitu la miguu mirefu linaloruka kwa starehe zake, na likimaliza safi limekuwa la kwanza kati ya moja. Bluu yake na bluu ya yule aliyewapita ishirini zinatoka kwenye sanduku langu lilelile. Sina ugomvi na hilo jitu. Ila mtu akiniambia mbwa wake ana bluu kumi, swali langu la kwanza ni anaruka inchi ngapi.

Mama yangu yuko Moshi. Mbwa aliowajua yeye maisha yake yote walilala nje, walibweka usiku na kula kilichobaki kwenye sufuria ya makande. Nilipomtumia picha ya Karanga ameshika utepe wake wa kwanza mdomoni, alinipigia.

"Mwanangu, huyo mbwa amekuwa wa ngapi?"

"Hajawa wa ngapi, mama. Amefuzu."

"Wamefuzu wangapi?"

"Wengi tu."

"Na wewe umelipa?"

"Nimelipa kumwandikisha, ndiyo."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, basi hiyo ni kama kufaulu darasa la saba; hakuna anayeuliza umekuwa wa ngapi, wanauliza umechaguliwa kwenda sekondari au la. Nilitamani kamati nzima ingekuwa kwenye simu. Maana ndivyo hasa mchezo ulivyojengwa: kufuzu mara tatu kwenye Novice ndiko kunakompa mbwa cheo chake cha kwanza na kumfungulia Open, na mbwa anaweza kupanda hivyo mpaka Master bila kushika bluu hata moja maishani.

Jambo lililonishangaza nilipoanza kukaa kwenye meza ya tepe ni nani anayekuja kuchukua. Wakongwe hawaji. Wana masanduku yao nyumbani yamejaa, wengine wameshonea mablanketi, wengine wanaturudishia mifuko mizima ili tuzigawe tena, na zinagawika, kwa sababu siku hizi hatuchapishi tarehe kwenye utepe. Wanachokuja kukitafuta wakongwe ni stika. Katibu huchapa stika ndogo yenye jina la mbwa, daraja, muda wake na kasi yake kwa yadi kwa sekunde, ili uibandike nyuma ya utepe. Mkongwe anabandua stika, anaibandika kwenye daftari lake, anaiacha satini mezani. Nimeona watu wawili wazima wakibishana kwa nusu saa juu ya desimali ya yadi, na utepe wa bluu umelazwa mbele yao kama leso ya mtu mwingine.

Wanaokuja ni wa Novice A. Hilo ni kundi la watu ambao hawajawahi kumpatia mbwa yeyote cheo cha ajiliti. Ukishampatia mmoja, mbwa wako wa pili unamwandikisha Novice B. Kwa hiyo Novice A mtu anaipita mara moja katika maisha yake. Utawajua kwa kutembea. Wanaizunguka meza kwanza, wanajifanya wanasoma matokeo ukutani, wanarudi, wanauliza kwa sauti ya chini kama kijani ni ya kununua. Ukimwambia chukua, ni yako, anaangalia nyuma kama kuna mtu atakayemkataza. Mwaka huu mzee mmoja, mtu mrefu aliyestaafu udereva wa malori, alipokea wake kwa mikono miwili, jambo ambalo Wamarekani hawafanyi, na akaniuliza kama naweza kumfungia kwenye mkanda wa mbwa, vidole vyake vilikuwa havimtii. Nikamfungia. Mbwa akaanza kuutafuna palepale.

Kwa upande wa pili kuna ufito wa MACH. Hicho ndicho cheo kikubwa, bingwa wa Master: pointi 750, zinazotokana na sekunde ambazo mbwa amezibana chini ya muda wa njia, pamoja na siku 20 ambazo amefuzu Standard na Jumpers siku hiyohiyo. Watu wanakitafuta kwa miaka. Siku kikipatikana, uwanja wote unasimama, mwongozaji anapewa ufito wa kizuizi uliopambwa, anazunguka nao uwanja mbio na mbwa wake wakirukaruka, halafu watu wanausaini kwa kalamu ya wino mzito. Ufito huo ninauandaa mimi. Ni bomba la plastiki, nalizungushia utepe wa gundi wa rangi na kulifunga rozeti (utepe uliokunjwa kama ua) yenye mikia mirefu, na kazi kubwa ni kuuficha. Mtu aliyebakiwa na siku moja ya kufuzu akiuona umelala chini ya meza yangu, ananiambia nimemtia mkosi. Kwa hiyo huwa nauleta usiku, ndani ya mfuko wa hema, na nikiulizwa nasema ni hema. Wote wanajua si hema. Tunaheshimiana.

Niseme pia kidogo kuhusu satini, kwa atakayerithi masanduku haya. Nyekundu ikilowa inamwaga rangi, na inamwagia nyeupe, kwa hiyo zisikae sanduku moja kama mashindano ni ya nje. Kijani iliyokaa karibu na dirisha inapauka upande mmoja. Upepo ukivuma, zilizopangwa mezani kwa ustadi zitaishia kwenye uzio. Bana kwa vibanio vya nguo. Na kiwanda kiandikiwe mapema, maana kinahudumia pia farasi na maonyesho ya ng'ombe, na ukichelewa utapewa foleni nyuma ya mbuzi.

Kilichonikalisha usiku huu ni pesa. Utepe bapa ni rahisi, rozeti ni ghali mara kadhaa yake, na klabu yetu siyo tajiri. Kamati imekuja na mpango wa kuongeza kisanduku kwenye fomu ya kuandikisha, "sitaki tepe", ukitia alama huhesabiwi. Hilo nimelikubali kwa mikono yote, wakongwe watajipunguza wenyewe. Sehemu ya pili ndiyo siipendi: wanataka rozeti zibaki kwa nafasi nne za Master, kwa kuwa ndilo daraja gumu, na wengine wote wapewe bapa. Ni gumu, kweli. Lakini ndio hao wanaobandua stika na kuacha satini. Tutakuwa tunanunua rozeti za kurudishiwa kwenye mifuko.

Mimi nimeandika kinyume chake. Master wapewe bapa, nafasi zote nne. Pesa inayobaki iwekwe kwenye kijani ya Novice A, na hiyo ndiyo iwe rozeti, yenye kitovu kikubwa na mikia miwili. Ni watu wachache kwa kila mashindano, haitatufilisi. Mama mmoja wa kamati, ambaye amekimbiza mbwa tangu miaka ya tisini na ninamheshimu sana, amenijibu kwamba anayefanya kazi ya miaka kumi hawezi kupewa kidogo kuliko aliyekuja juzi. Nimemjibu kwamba yeye mwenyewe aliacha tepe tatu mezani kwangu Septemba, bado ninazo, na nikampigia picha. Hajanijibu bado. Mwingine ameuliza kama tunaweza kupata ya waridi badala ya kijani, ingependeza kwenye picha. Rangi ziko kwenye kanuni, dada, hapo sina la kufanya.

Kura ni Alhamisi. Kwa ninavyowasoma, tuko nusu kwa nusu. Mweka hazina amesema yeye ataungana nami kwa sharti moja, kwamba ufito wa MACH usiguswe, ubaki na rozeti yake na mikia yake yote. Nimemwambia hata sikuwa nimeuweka kwenye hesabu, huo nautengeneza kwa pesa yangu.