Ndoo ya maji ya bahari, Malindi

Ilikuwa Malindi, baada ya swala ya Isha, ukumbi umejaa wanafunzi na wazee wachache. Tulitaka kuonyesha jinsi chombo cha anga cha Galileo kilivyopata dalili za bahari chini ya barafu ya Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, bila kuigusa.

Waya wa shaba wa milimita 0.5 tuliufumua kwenye mota iliyoungua, tukauzungusha mara 100 kwenye paipu ya plastiki ya inchi 4. Koili hiyo ina kama omu 3 tu, kwa hiyo kati yake na amplifaya tulitia rezista ya omu 8, wati 10, amplifaya isije ikaungua. Simu ilitoa mlio wa hetsi 1,000, yaani mawimbi 1,000 kila sekunde. Sentimita 40 mbele, koili ya pili ya mizunguko 500 iliunganishwa na kipima volti: milivolti 18. Meza iwe ya mbao. Chuma huvuruga vipimo vyote.

Koili ya pili tukaitia ndani ya sufuria: 4. Mkondo uliozuka kwenye alumini ulijenga uga wake wa sumaku na kuupinga ule uliouzaa. Makofi. Tukaitoa sufuria, tukaweka katikati ndoo ya lita 20 ya maji yaliyotekwa pwani jioni ile. 18. Tukakoroga kilo nzima ya chumvi ya Gongoni. 18 ileile.

Mzee mmoja mvuvi akauliza: "Sasa wanangu, kama chumvi yote hii haizuii kitu, hao wenzenu waliona nini huko?"

Tulipaswa kupiga hesabu kabla ya kubeba ndoo. Chukua muda wa wimbi moja, ukihesabiwa kwa sekunde, gawanya kwa upitishaji umeme wa maji, ambao kwa bahari yetu ya joto ni kama siemens 5 kwa mita. Tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 503. Jibu ni mita ambazo uga hupenya hadi ubaki na zaidi kidogo ya theluthi ya nguvu yake. Kwa hetsi 1,000 ni mita 7. Ndoo ina sentimita 30.

Europa, wimbi lake ni la polepole mno. Mhimili wa sumaku wa Mshtarii umeinama kama nyuzi 10, hivyo sehemu ya uga inayoufikia mwezi huo hugeuka na kurudi kila saa 11.2. Kwa maji kama ya Malindi, hesabu hutoa kilomita 45. Bahari yenye kina cha makumi ya kilomita, iliyouzunguka mwezi mzima, hiyo ndiyo sufuria. Barafu tupu haipitishi umeme wa kutosha kufanya kazi hiyo. Tarehe 3 Januari 2000 Galileo ilipita uga wa Mshtarii ukiwa umeelekea upande wa pili, na uga wa Europa ukakutwa umegeuka nao. Sumaku ya kudumu kiinini isingegeuka.

Mzee akataka turudie hesabu kwa maji ya kisima. Tukaweka siemens 0.05: kilomita 450, yaani uga ungepita karibu bila kuzuiwa. "Basi ni chumvi," akasema, akaisogelea ndoo kuitazama.