Mvuje kwenye Mbaazi

Mama yangu hali hotelini. Si kwamba anajivuna. Ana swali lake moja ambalo hakuna mhudumu aliyewahi kulijibu akaridhika: "Kachinja nani?" Ukimwonyesha cheti cha halali ukutani atakwambia karatasi hata yeye anaweza kubandika. Katika miaka yake sitini na mitatu amepikia harusi, matanga na futari za nusu ya mtaa wa Kibokoni hapa Mombasa, lakini sikuwahi kumwona amekaa kitako mtu mwingine amletee sahani. Mwaka jana, harusi ya mdogo wangu ilipokwisha na miguu yake imevimba kwa siku nne za jikoni, nikaapa kwamba huyu lazima nimtoe.

Jawabu lilikuwa karibu sana na sikuliona: hoteli ya Kihindi ya wasiokula nyama. Pasipo nyama hapana swali la kuchinja. Hata yai halipikwi, na niliyoichagua haiuzi pombe. Mji wetu unazo kadhaa, maana Wagujarati wengi wa hapa ni Wahindu na Wajaini, dini mbili za Kihindi ambazo wafuasi wake wengi hawali nyama, na mapishi yao ya mboga si ya kujinyima. Wameyafanyia kazi karne na karne.

Lakini nilikuwa na kidonda changu hapo. Nilishawahi kwenda mara moja na rafiki yangu wa kazini, nikatahayari. Nilianza kwa kuulizia mbuzi wa kukaanga. Mhudumu akaniangalia kama niliyeingia msikitini na viatu. Kwa aibu nikaagiza ovyo: nikanyooshea kidole majina matano kwenye menyu, na mawili yakatokea kuwa paneer, ile jibini nyeupe ya Kihindi, moja ndani ya mchicha na jingine ndani ya mchuzi wa nyanya. Kila bakuli lingetosha watu wawili. Juu yake mikate minne ya naan. Bili ikapita elfu nne, tena tarehe ishirini na tatu ya mwezi.

Kabla ya kutoka nilimwuliza yule mhudumu kimyakimya: wenyewe huagiza nini? Akanionyesha kwa kidevu meza ya pembeni, familia ya watu sita, kila mmoja na sinia lake la chuma lililopangwa vibakuli. "Thali," akasema. Bei ni moja, ukimaliza unaongezwa mpaka ushindwe. Hapo kwao ni ya mchana tu, na Jumapili afadhali ufike kabla ya saa saba. Hayo maneno matatu manne yalinifaa kuliko menyu nzima.

Kumshawishi Mama kulinichukua wiki mbili. "Nikatoe pesa nile majani?" Aliyemlainisha si mimi, ni shangazi, aliyemwuliza chapati anazozisifia kila Ijumaa zilitoka wapi. Na kweli: chapati, bajia, achari, kachumbari, tunavila tukiviita vyetu na hata majina hatukuhangaika kuyabadilisha. Watu husema Wahindi walikuja na reli. Ni kweli maelfu waliletwa kuijenga kuanzia 1896, lakini Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 alikuta wafanyabiashara wa Kihindi wameshatangulia. "Chapati naijua," Mama akajibu. Ila Jumapili akavaa buibui jipya.

Tukapanda tuktuk. Tulipofika Langoni, penye lile hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe lililofunguliwa 1963, nikasikia harufu.

"Mama, umebeba nini?"

"Vipande viwili tu vya nguru. Wasiponishibisha?"

Nguru wa kukaanga, ndani ya kopo la siagi, ndani ya mkoba. Nikaona sura ya yule mhudumu tena. Nikamweleza kwamba kwa wengine wa watu hawa samaki ndani ya nyumba yao ya kulia ni kama sisi kuletewa nguruwe mezani. Hapo alielewa upesi kuliko nilivyotarajia, akashika mdomo, "Astaghfirullah, ningewaudhi watu." Tukamwachia bawabu wa nje lile kopo. Nilimwambia atuwekee. Mama akamwambia ale.

Mlangoni kijana akampokea kwa "Shikamoo, mama," na hapo nikapumua kidogo. Tukanawa, tukakaa, masinia yakaja.

Hapa ndipo ningependa mtu angenieleza mapema namna ya kula. Usimalize njaa kwenye rotli. Ni vichapati vyembamba, vilivyopakwa samli, na vinaletwa vya moto kimoja kimoja, hivyo huhesabu umekula vingapi. Wali huja baadaye, nao ndio wa kumwagiwa dal, ule mchuzi wa jamii ya kunde. Kitamu hakingoji mwisho, kiko pale pale kwenye sinia na unakionja katikati. Uma na kijiko vipo, lakini wenyewe wanakula kwa mkono wa kulia kama sisi. Mama alipoona hivyo akakisukuma kijiko pembeni, mabega yakamshuka.

Akaanza kukagua. Dhokla, vile vipande vya njano vya unga wa dengu vilivyopikwa kwa mvuke na kunyunyiziwa haradali, akavibonyeza: "Mkate wa kumimina huu, wamesahau sukari." Bamia akazipasisha. Kadhi, mtindi uliopikwa na unga wa dengu, akaisogeza mbali na hakuirudia. Kisha akaonja dal, akanyamaza. Akaonja tena.

"Hii ni mbaazi."

Mzee mwenye hoteli alikuwa akipita na birika la maziwa ya mtindi. Mhindi wa makamo ya Mama, Kiswahili chake cha Mombasa kabisa. "Mbaazi, dada. Zimekobolewa zikapasuliwa. Na sukari nguru kidogo na ukwaju."

"Na kitunguu umetia namna gani hata sikioni?"

"Sikutia. Hiyo ya Wajaini. Hawali kitunguu, wala thomu, wala viazi. Ukiking'oa kilicho chini ya ardhi umeua mmea mzima, na vidudu vya udongoni pia."

Kwa Mama mchuzi bila kitunguu ni maji ya moto. Alimtazama yule mzee kama anayepigwa chenga sokoni. Akainama, akanusa kibakuli, na nikaona uso wake unabadilika.

"Mvuje!"

Mzee akacheka mpaka birika likamwagika.

Kwa asiyelelewa pwani: mvuje ni utomvu mgumu unaonuka vibaya sana, unatoka kwenye mzizi wa mmea wa huko Iran na Afghanistan, na sisi tunauweka kwa ajili ya kijicho na mashetani. Mimi mwenyewe nilifungwa kipande shingoni utotoni. Kumbe ukitupwa punje ndogo kwenye samli ya moto, ule uvundo unageuka na kuleta ladha ya kitunguu na thomu kwa pamoja. Mama alitaka kujua punje kubwa kiasi gani. Kama kichwa cha kiberiti, mzee akasema, kwa sufuria nzima. (Nilitaka kumwuliza vipi kitunguu kimekatazwa na utomvu wa mzizi ukaruhusiwa, lakini Mama alinikanyaga mguu.) Wakaendelea wao wawili, uwatu, bizari nyembamba, bei za Marikiti, nami nikala shrikhand yangu, mtindi uliochujwa maji ukatiwa sukari, iliki na zafarani, na ya Mama pia.

Vijana hawakuacha kuongeza. Ukitazama pembeni kibakuli kimejaa. Nikiwa bado natafuta namna ya kukataa kwa adabu, Mama akafunika sinia kwa kiganja: "Basi!" Kijana akarudi na ndoo yake. Mzee akatwambia kwao pia ni bas, na maana ni ile ile.

Bili ya watu wawili haikufika elfu mbili na nusu. Mama akaomba afungiwe dal iliyobaki, nikamwambia thali haifungwi, watu wangebeba za wiki. Hakupenda. Nje bawabu alimrudishia kopo limeoshwa.

Jumamosi iliyofuata niliamka kwa harufu ninayoijua, ila sikuizoea kutoka jikoni. Kaka yangu alitoka chumbani amekunja uso: "Nani kapandwa na pepo humu?"

Mama alikuwa anakoroga mbaazi za nazi, mahamri yako tayari kando, na hakugeuka. "Lete sahani," akasema. Vitunguu, lakini, alitia viwili.