Kozi ya pikipiki imenisaidia kwenye baiskeli

Naenda kazini kwa baiskeli, Mbagala hadi Kariakoo, kwa Barabara ya Kilwa. Mwaka huu nilisomea pikipiki ili nipate leseni, na faida kubwa naiona kwenye baiskeli.

Mwalimu wetu alisisitiza sana jambo moja: kabla hujahama hata kidogo, geuza shingo utazame nyuma ya bega, maana kioo kinaficha magari. Baiskeli yangu haina kioo kabisa, kwa hiyo sasa nageuka kila ninapokwepa shimo au daladala iliyosimama kituoni. Tena natazama tairi za mbele za gari, maana zinaanza kukata kona hata kama dereva hajawasha indiketa. Na lori linalokata kushoto sipiti ubavuni mwake kamwe. Dereva kule juu hakuoni ukiwa karibu na matairi.

Breki nayo. Ukifunga breki uzito unakuja mbele, hivyo breki ya mbele ndiyo inayosimamisha chombo zaidi, mradi uibane taratibu na usiwe kwenye mchanga.

Lakini jamani, si kila kitu kinafaa. Pikipiki inaongeza mwendo na kuchomoka kwenye hatari, miguu yangu haiwezi. Na kukaa katikati ya njia yako kama pikipiki, huku nyuma Fuso inapiga honi, kunataka moyo! Mimi nakaa hapo pale tu njia inapobana, kisha narudi kushoto.

Wenzangu wa baiskeli mliosomea pikipiki, pale Mtoni Mtongani jioni mnapitaje?