Koa wa baharini: DNA inakuonyesha ukoo, jina linatoka kwenye mwili

Kama unapenda picha za viumbe wa baharini lazima umeshawaona koa wa baharini, wale ndugu wa konokono wasio na gamba, mwili laini, zambarau na njano na bluu iliyokolea hadi unadhani kuna mtu amekaa akawapaka. Kundi lao moja tu, linaloitwa nudibranki, lina spishi kama 3,000 zinazojulikana. Mimi hawa viumbe nawapenda sana, na swali linaloninyima usingizi ni moja: unajuaje kwamba huyu ni spishi hii na yule aliyelala pembeni yake ni nyingine? Naandika kwa sababu siku hizi kila nikisoma mahali nakuta mtu anasema "si mpime tu DNA yaishe", na mimi hapo nabisha. DNA ni kitu kikubwa mno, ila bila kisu na hadubini haikupi jina.

Tuanze na rangi maana ndo kitu cha kwanza kila mtu anakiona na ndo kinachopotosha zaidi. Koa wengi wa aina hii wanakula sponji, wale wanyama wa baharini waliojishikiza mwambani wasiotembea, zenye kemikali kali, wanazitunza zile kemikali mwilini, na rangi kali inakuwa onyo kwa samaki. Sasa samaki akishaonja mmoja akakoma, atawaacha na wengine wote wanaofanana naye, kwa hiyo spishi mbili zisizo na undugu wa karibu zikiishi eneo moja zinafaidika zikiwa na mavazi yaleyale. Kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Chromodoris, mtafiti Layton na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba spishi moja inaweza kuwa na rangi tofauti tofauti, wakati huohuo spishi tofauti za eneo moja zinafanana hadi unachanganyikiwa. Yaani yule unayemwita mmoja ni wawili, na wale unaowaita wawili ni mmoja. Halafu kuna aeolidi, wale wenye vidole vingi laini mgongoni vinavyoitwa serata, wao matawi ya tezi ya kumeng'enya chakula yanapanda mpaka ndani ya serata, kwa hiyo alichokula kinaweza kuonekana mgongoni kwake kama rangi. Utamtambuaje mtu kwa chakula chake?

Ndo maana watu wanapasua. Na kazi inaanza kabla ya kisu, kwanza mnyama anapigwa picha akiwa hai kwa sababu akishahifadhiwa rangi inafifia mpaka anabaki mweupe-mweupe, kisha analegezwa kwenye maji yenye magnesiamu kloraidi maana ukimtumbukiza hivihivi kwenye kemikali anajikunja, pembe za kunusia na matamvua yote yanaingia ndani na umbo unalikosa. Halafu kuna kipande kidogo cha mguu kinachokatwa kikaenda kwenye ethanoli, yaani alkoholi, hicho ni cha DNA. Mwili mara nyingi unawekwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi maiti, ambayo inashika umbo vizuri lakini DNA inaiharibu. Hapo kwenye chupa mbili ndo fani nzima ilipo, moja ya maumbile na moja ya jeni, na zote zinatoka kwa mnyama mmoja mwenye namba moja. Zikipoteana kazi imekufa.

Kitu ninachokipenda zaidi ni radula, yaani ulimi wake wenye meno. Unatoa bonge la misuli la mdomoni, unaliweka kwenye sodiamu haidroksaidi, nyama yote inayeyuka taratibu na kinachobaki chini ni utepe mwembamba wa kaitini, kitu kigumu kama cha ganda la mdudu, mara nyingine mdogo hadi unaupoteza kwa kupumua vibaya. Unausafisha, unautandaza, unapakwa dhahabu nyembamba sana kisha unaingia kwenye hadubini ya elektroni, na hapo ghafla unaona safu kwa safu za meno, kama msasa uliopangwa na fundi makini. Unahesabu safu. Unaangalia kama jino la katikati lipo au halipo, pembeni yake yako mangapi kila upande, na kila jino lina vimeno vingapi ubavuni. Mla sponji na mla hidroidi (vijinyama vya baharini kama vichaka vidogo) hawana meno ya kufanana kabisa. Ila radula nayo ina mipaka yake, maana familia ya Phyllidiidae haina radula hata kidogo, wao wanafyonza tu sponji, kwa hiyo hapo jino la kuhesabu hamna.

Basi unaenda kwenye viungo vya uzazi. Kila koa ni dume na jike kwa wakati mmoja, na ndani kuna mirija iliyojisokota: tezi dume, kifuko cha kupokea mbegu, kifuko kingine cha kuzitunza, uume ambao kwa baadhi ya spishi una miiba. Unaichora yote kwa mkono, mrija kwa mrija, nani kaungana na nani. Daktari mmoja wa Denmark, Rudolph Bergh, aliyefariki mwaka 1909, alipasua koa wengi sana kwa namna hii, wengi wakiwa wamemfikia tayari ni maiti kwenye chupa kutoka bahari za mbali, na michoro yake bado inafunguliwa leo. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kuliko tuzo yoyote.

Sasa DNA. Kipande kinachotumika sana ni jeni ya COI ya kwenye mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, herufi za DNA kama 658 hivi, na vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kuinakili vilitangazwa na Folmer na wenzake mwaka 1994 na vinatumika mpaka sasa. Shida ya kwanza ni ute, koa amejaa ute na ute unazuia PCR, njia ya kunakili DNA maabara, kufanya kazi, kwa hiyo unaweza kuwa na sampuli nzuri kabisa usipate kitu. Shida ya pili ni kubwa zaidi: mitokondria kwa kawaida inarithiwa kwa upande mmoja tu wa mzazi, inakuhadithia nusu ya habari, ndo maana watu wanaongeza jeni ya kwenye kiini cha seli, mara nyingi ile inayoitwa H3. Na hakuna asilimia moja ya tofauti ambayo ukiivuka tu basi ni spishi mpya, kila kundi lina kawaida yake.

Mfano mzuri kuliko yote ni Hermissenda crassicornis. Huyu kwa miaka mingi alikuwa mnyama wa maabara wa kuchunguza namna ubongo unavyojifunza, anafundishwa kuhusisha mwanga na kuzungushwa, halafu seli zake za neva zinapimwa. Mwaka 2016 watafiti Lindsay na Valdés wakaweka jeni na maumbile pamoja wakakuta ni spishi tatu: H. crassicornis ya kuanzia Alaska hadi kaskazini mwa California, H. opalescens ya kuanzia kusini hadi hukohuko kaskazini mwa California, na H. emurai ya upande wa Japani. Ukishajua pa kuangalia hata macho yanaziona, crassicornis ana mistari myeupe kwenye serata na opalescens hana. Na angalia jambo hili, opalescens alipewa jina mwaka 1863 na emurai mwaka 1937, baadaye wakaunganishwa na crassicornis wakahesabiwa kitu kimoja. DNA ilisema kuna koo tatu, lakini ukoo upi ni wa jina lipi uliamuliwa kwa kusoma maelezo ya zamani na kulinganisha miili.

Hapo ndo ubishi wangu wote ulipo. Jina la spishi linashikwa na kielelezo kimoja kilichotunzwa makumbusho, na vya miaka ya 1800 vingi vimepauka, DNA yao imekatikakatika au haipo. Kinachounganisha chupa ile na herufi zako 658 ni meno na mirija. Mwaka 2012 Johnson na Gosliner walipanga upya familia nzima ya Chromodorididae kwa jeni, wengi waliokuwa Chromodoris wakahamia jenasi nyingine, Goniobranchus na Felimida, na mpangilio ule naukubali kabisa kwa sababu maumbile yalikuwa yamewakusanya watu wasio ndugu. Lakini walioandikwa pale walikuwa wameshapasuliwa na kuchorwa na watu wa kabla yao, ndo maana ilijulikana nani anahama.

Kwa hiyo wewe unayepiga picha za koa, mpige akiwa hai na ametanuka, pembe zionekane hadi vipete vyake, matamvua ya nyuma, na ukingo wa vazi, yaani ngozi inayofunika mgongo, kwa karibu, halafu andika mahali, kina na alikuwa juu ya sponji gani. Picha bila mahali haimsaidii mtu wa jeni wala mtu wa kisu.