Usitie kidole kwenye karatasi ukiwa wodini

Saiba yangu iko hatua chache kutoka lango la mahakama hapa Nakuru. Kazi yetu ni fotokopi, kupiga chapa na kuwajazia watu fomu za eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na sehemu kubwa ya makaratasi yanayopita mikononi mwangu ni ya ajali. Wanaoijua barabara ya kwenda Eldoret hawahitaji kuelezwa kwa nini. Sachangwan, Januari 2009, lori la mafuta lililipuka likaua watu zaidi ya 100. Londiani, Juni 2023, trela liliacha njia likavamia wafanyabiashara na abiria kituoni, na zaidi ya 50 wakafa. Hizo ni zile zilizotangazwa. Wateja wangu wengi ni wa ajali ambazo hakuna redio iliyozitaja: nduthi, yaani pikipiki, na kenta, lile lori dogo, mwanafunzi na gari la probox, mama aliyekuwa anavuka na debe la viazi.

Nataka kusema juu ya karatasi moja inayoniumiza kila ninapoiona. Mama mmoja wa upande wa Rongai aliniletea nitoe nakala. Mwanawe, mwendesha boda, aligongwa na kenta, paja likavunjika. Angali amefungwa uzito mguuni wodini, alikuja mwanamume nadhifu, akasema ametumwa na mwenye gari, akatoa shilingi 20,000 "za kusaidia matibabu", na kijana akatia kidole. "Mwanangu, hebu nisomee," mama akaniambia, kwa sababu ilikuwa ya Kiingereza. Ilisema kwamba amelipwa fidia yote na hatadai tena kitu chochote kwa mtu yeyote kuhusu ajali ile.

Yule mama aliketi kwenye benchi bila kusema neno. Nilimwelekeza kwa wakili, kwa kuwa karatasi ya namna hiyo inaweza kupingwa kortini ikithibitishwa kwamba aliyeitia kidole alidanganywa. Lakini kupinga ni safari nyingine ndefu, ya mtu ambaye hata kutembea hawezi. Msaada wa kweli hauhitaji sahihi ya kuachilia madai. Mtu akija kitandani na pesa mkono mmoja na kalamu mkono wa pili, mwambie aiache karatasi, utaisoma ukitoka.

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inalazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu, na nduthi pia. Mtu wa tatu ndiye wewe: abiria wa matatu, anayetembea kwa miguu, mwendesha boda aliyegongwa na gari la mwingine. Ukishinda kesi, kampuni ya bima ndiyo inayopaswa kukulipa, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, mradi ilipewa notisi ya kesi mapema. Sasa linganisha na zile 20,000. Ndiyo maana nawasihi watu: yeyote aliye na simu pale penye ajali, apige picha nambari ya gari na stika ya bima kwenye kioo. Gari likishavutwa, na mara nyingine linavutwa usiku, stika hiyo huna njia rahisi ya kuiona tena.

Kisha polisi. Sheria ya trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva asimame, ajitambulishe, na aripoti ajali ndani ya saa 24. Usimtegemee. Tuma ndugu yako kituoni aandikishe, apewe nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, na baadaye aombe abstrakti, yaani muhtasari wa polisi kuhusu ajali. Nimeona abstrakti ambayo jina la majeruhi halimo kabisa, kwa sababu aliyeripoti alikuwa dereva peke yake na walioumia walikuwa wameshakimbizwa hospitalini. Isomeni palepale dirishani kabla ya kuondoka: jina, tarehe, nambari ya gari, kampuni ya bima. Herufi moja ikikosewa kwenye nambari ya gari, wakili wa upande wa pili ataishikilia kama kupe.

Hospitalini vilevile mna haki yenu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ya pesa yazungumzwe baadaye, damu ikishazuiwa. Wekeni kila kitu: kadi ya matibabu, picha za eksirei, karatasi ya kutolewa wodini, fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, iliyojazwa na daktari. Risiti nazo, hata za teksi na dawa. Tafadhali zitoeni nakala mapema, maana zile zinazotoka kwenye mashine ndogo za duka la dawa hufifia. Watu huniletea vipande vyeupe vitupu, na wanajua fika kwamba walilipa.

Kuna wanaoacha madai kwa sababu dereva "alishahukumiwa". Alitozwa faini, naam, na faini iliingia serikalini. Kesi ya fidia ni nyingine, unaifungua wewe, na hukumu ile ya dereva hukusaidia kuonyesha nani aliyekosea. Muda wake ni miaka 3 tangu ajali. Gari likiwa la serikali ni miezi 12 tu, na hapo ndipo wengi huachwa nje.

Aliyefiwa anahitaji zaidi: cheti cha kifo, barua ya chifu ya kuwataja waliomtegemea marehemu, na hati ya mahakama ya kumruhusu mmoja wa familia kushtaki kwa niaba yake. Mume, mke, watoto na wazazi wote hutajwa. Msiwaache wazazi nje ya barua ya chifu. Nimeshuhudia ugomvi wa kusikitisha kwa ajili hiyo.

Mwisho, mabroka. Wanazunguka mahospitali na hata hapa nje kwangu, wakiahidi wakili atakayechukua thuluthi mkishinda na bure mkishindwa. Sheria ya mawakili hairuhusu mapatano ya aina hiyo, na wakili haruhusiwi kutafutiwa wateja namna hiyo. Jina la wakili tafuta kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya uone kama yumo na ana cheti cha mwaka huu. Akishafungua kesi, muombe nambari ya kesi uiandike mahali. Ukiwa nayo unaweza kuingia mwenyewe masjala, ukauliza faili imefika wapi na inatajwa lini.